Shilingi 29 za Waya: hesabu ya kutoa pesa kwa mfanyabiashara wa omena

Jumapili moja nilikuwa Kibuye na shangazi yangu. Sisi Waluo shangazi wa upande wa baba tunamwita Waya, na huyu wangu anauza omena. Kama unaijua Kibuye siku ya Jumapili basi unajua hakuna nafasi ya kugeuka. Mteja alikuja, akapimiwa gorogoro moja, akalipa kwa simu, akaenda. Dakika kumi hazijaisha, Waya akaniambia, "Nyathina, shika hapa," akaenda kwa wakala kutoa shilingi 300. Saa nane mchana akaenda tena, mara hii 400.

Mimi digrii yangu ni ya maketingi na kazi yangu ni kuandika makala kama hii, kwa hivyo sikuweza kunyamaza. Jioni nilimwomba simu, nikapiga *334# na kuomba taarifa ya akaunti. Siku sita za wiki, mara mbili kwa siku, kila mara kati ya 300 na 400. Kila mara 29. Kila mara 29. Kila mara 29.

Nilimwuliza kama anajua hiyo 29 ni ngapi kwa mwezi. Akasema, "Si ni ishirini na tisa tu?"

Hapo ndipo hesabu hii inaanzia.

Kwa jedwali la M-Pesa lililoanza Julai 2023, serikali ilipopandisha ushuru wa huduma za kutuma pesa, kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Iwe ni 150, iwe ni 2,500, chaji ni ile ile. (Viwango hubadilika, kwa hivyo tazama jedwali la sasa kabla ya kupanga, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.) Watu wengi wakiona namba moja kwa safu ndefu namna hiyo hufikiri bei ni moja. Si kweli. Bei halisi ni 29 ikigawanywa kwa kiasi unachotoa:

29 ÷ x

Hiyo x ndiyo pesa unayotoa. Kwa sababu x iko chini ya mstari, ikiwa ndogo jibu linakuwa kubwa, na ikikua jibu linashuka. Ukitoa 200, umelipa asilimia 14.5. Ukitoa 300, ni karibu asilimia 9.7. Ukitoa 500 ni 5.8, ukitoa 1,000 ni 2.9, na ukitoa 2,500 ni asilimia 1.16. Mwalimu wa hesabu shuleni angechora hiyo kwa karatasi ya miraba: mstari unaanza juu sana, unaanguka kama mtu aliyeteleza kwa matope ya Dunga, kisha unalala polepole bila kugusa chini.

Angalia tena hizo namba. Kutoka 200 hadi 500 umejiokolea karibu asilimia 9. Kutoka 1,000 hadi 2,500 umejiokolea chini ya asilimia 2. Faida kubwa iko mwanzoni. Ukiacha tu tabia ya kutoa mia mbili mia tatu, kazi nyingi imeisha.

Sasa tuseme umeamua hutaki kulipa zaidi ya asilimia 2 kutoa pesa yako mwenyewe. Unaandika hivi: 29 ÷ x isizidi 2 ÷ 100. Zidisha pande zote mbili kwa x (unaruhusiwa kwa sababu x ni pesa, haiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hivyo alama haigeuki), kisha gawanya. Unapata x isiwe chini ya 1,450. Ndiyo hiyo. Mpaka wako ni 1,450.

Lakini kuna mtego. Ukivuka 2,500 kwa shilingi moja tu, chaji inaruka hadi 52. Ukitoa 2,501 unalipa karibu asilimia 2.08, umeshavuka sheria yako tena, na hutarudi chini ya asilimia 2 mpaka ufike 2,600. Kwa hivyo yule anayetoa 2,550 "ili iwe kidogo juu kwa usalama" amelipa karibu mara mbili ya jirani yake aliyetoa 2,500. Na kati ya 3,501 na 5,000 chaji ni 69, wakati 2,500 leo na 2,500 Alhamisi ni 58 kwa jumla. Kama hizo pesa huzihitaji zote siku moja, hakuna sababu ya kuzitoa zote siku moja. Usidhani ujanja huo unafanya kazi kila mahali, maanake 7,500 kwa mara moja ni 87, na 29 mara tatu ni 87 hiyo hiyo. Aliyetengeneza hilo jedwali hakuwa amelala.

Turudi kwa Waya. Mara 12 kwa wiki, mara 29, ni 348. Muhula wa shule ukiwa wa wiki 13, hiyo ni shilingi 4,524. Binamu yangu yuko sekondari, na muhula uliopita alirudishwa nyumbani kwa salio la karo la 3,000. Alikaa nyumbani siku tano. Nilipomwonyesha Waya hizo namba mbili upande kwa upande kwa kijitabu chake cha madeni, alinyamaza. Nami nikajiona nimemaliza kazi. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma: pesa yako ya wiki ni kama 4,200, itoe mara moja Jumatatu, chaji ni 69, mambo kwisha.

Akaniangalia vile wanakuangalia ukiwa umeongea upuzi mbele ya wageni.

"Hiyo elfu nne na mia mbili," akasema, "italala wapi?"

Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Waya anakaa nyumba ya vyumba viwili na watu sita. Akiwa na pesa taslimu ndani, kila mtu anajua. Jirani anakuja kukopa. Mtoto anataka kalamu, na kalamu inakuja na chapati. Mtu wa kanisa anapita na harambee. Kwa simu, pesa iko nyuma ya PIN, na anaweza kusema "sina" bila kudanganya sana. Alichokuwa akinunua kwa ile 29 ni ukuta. Alikuwa analipa ukuta huo bei ghali, ndiyo, lakini ulikuwa unafanya kazi.

Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa nusu. Ilihesabu chaji na kusahau pesa inayovuja.

Tulifanya jaribio. Kwa wiki tatu aliandika kila jioni pesa aliyokuwa nayo mkononi na pesa iliyotoka bila mpango. Haikuwa utafiti wa chuo, ilikuwa kalamu na kijitabu chenye harufu ya omena. Lakini ilionekana kwamba kwa kila mia inayokaa nyumbani wiki nzima, karibu kumi inapotea. Kwako inaweza kuwa tatu au ishirini. Kwake ilikuwa kumi.

Sasa gharama ya wiki ina sehemu mbili. Ya kwanza ni chaji: akitoa x kila mara, atatoa mara 4,200 ÷ x, kila mara 29. Ya pili ni uvujaji: akitoa x na kuitumia polepole mpaka iishe, kwa wastani ana nusu ya x mkononi, na asilimia 10 ya hiyo inavuja. Kwa maandishi:

Gharama = (29 × 4,200 ÷ x) + (0.10 × x ÷ 2)

Sehemu moja ina x chini, inashuka x ikikua. Nyingine ina x juu, inapanda. Zinavutana, na mahali fulani katikati kuna kiasi ambacho gharama yake ni ndogo kuliko zote. Hiki ndicho kitu kizuri zaidi kwa hesabu hii yote kwa maoni yangu, na hakuna aliyenifundisha hivi nikiwa shule. Tulikuwa tunachora tu mistari kwa sababu tumeambiwa tuchore.

Tulijaza namba tukiwa tumekaa chini ya mwavuli wake.

Akitoa 350 kila mara, mara 12: chaji 348, uvujaji 17.50, jumla 365.50.
Akitoa 1,050, mara nne: chaji 116, uvujaji 52.50, jumla 168.50.
Akitoa 1,400, mara tatu: chaji 87, uvujaji 70, jumla 157.
Akitoa 2,100, mara mbili: chaji 58, uvujaji 105, jumla 163.
Akitoa 4,200 mara moja, kama nilivyomshauri mimi msomi: chaji 69, uvujaji 210, jumla 279.

Ushauri wangu wa kwanza ungempunguzia gharama, lakini ungemwachia 122 zaidi kila wiki kuliko mara tatu. Na ona vile mara nne, tatu na mbili zinakaribiana: 168.50, 157, 163. Hapo katikati mstari umelala karibu kama ziwa asubuhi. Maana yake huhitaji kupata kiasi kamili. Ukiwa karibu, inatosha. Kosa kubwa liko kwenye pembe mbili, kutoa kidogo kidogo sana au kutoa yote.

Ukitaka namba kamili bila kujaribu moja moja: chukua 2 × chaji × pesa ya wiki, gawanya kwa kiwango cha uvujaji, kisha tafuta kipeuo cha pili, yaani kile kitufe cha mzizi kwa kalkuleta ya simu. Kwa Waya ni 2 × 29 × 4,200 ÷ 0.10, ambayo ni 2,436,000, na mzizi wake ni karibu 1,560. Hiyo iko ndani ya safu ya 101 hadi 2,500, kwa hivyo 29 tuliyotumia ni sahihi. Kama jibu lako lingekuja 3,000, ungerudi kwa jedwali, kwa sababu huko chaji si 29 tena.

Tofauti kati ya 365.50 na 157 ni 208.50 kwa wiki. Kwa wiki 13 ni zaidi ya 2,700. Si 4,524 nilizomtajia mwanzoni nikijisifu, lakini ni karibu lile salio lililomrudisha binamu yangu nyumbani.

Baada ya hapo Waya alianza kuleta maswali yake mwenyewe. La kwanza lilikuwa la pikapu.

Omena ananunua Luanda Kotieno, pale feri ya kwenda Mbita inapoegesha. Wavuvi wanatoka usiku na taa, hasa usiku usio na mwezi, na asubuhi samaki wanaanikwa juani. Magunia yakishakauka, kina mama hukodisha pikapu pamoja kuleta Kisumu. Tuseme pikapu ni 4,000 kwa safari, iwe imejaa au la, na kupakia ni 50 kwa kila gunia. Gharama ya gunia moja ni 4,000 ÷ n + 50, ambapo n ni idadi ya magunia. Magunia manne: 1,050 kila moja. Manane: 550. Kumi na sita: 300. Ishirini: 250. Hata ukileta pikapu ya magunia elfu, haitashuka hadi 50, kwa sababu ile 50 ya kupakia ndiyo sakafu.

Matatu inamchaji 350 kwa gunia juu ya keria. Pikapu inaanza kuwa rahisi lini? 4,000 ÷ n + 50 iwe chini ya 350. Toa 50: 4,000 ÷ n iwe chini ya 300. Kwa hivyo n izidi 13.33. Hakuna theluthi ya gunia, basi ni magunia 14. Yakiwa 13, kila mtu apande matatu yake.

Swali lake halisi lilikuwa la ugomvi. Kuna mama mmoja kwa kundi lao ambaye kila mara anasema wangoje, kuna mtu anakuja na magunia manne. Wakiwa na 16 tayari, kungoja hadi 20 kunaokoa 50 kwa gunia. Wakiwa na manne, kungoja hadi manane kunaokoa 500. Mtu ni yule yule na magunia ni manne yale yale, ila faida yake imepungua mara kumi. Wanaofika Kibuye saa nne wakati wanunuzi wa hoteli wameshaenda wanapoteza zaidi ya 50. Sasa wana sheria: chini ya 14 wanangoja, wakifika 16 gari linatoka. Ugomvi haujaisha, lakini siku hizi wanagombana juu ya nani akae mbele na dereva.

Swali la pili lilikuwa la mkopo, na hapa nitapita haraka. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 mara moja kwa mkopo wa siku 30. Chukua mfano wa ada ya namna hiyo: umekopa 3,000, ada ni 225. Ukilipa siku ya tano au siku ya thelathini, ada ni 225. Kwa hivyo gharama ya siku ni 225 ÷ d. Ukiitumia siku tano, ni 45 kwa siku. Ukiitumia siku 30, ni 7.50. Kama stoki ya 3,000 inakuletea faida ya 300 kila ikizunguka, mzunguko mmoja na kulipa unakuachia 75. Mizunguko minne ndani ya mwezi inakuachia 975. Waya alikuwa na tabia ya kulipa mapema sana kwa sababu hapendi deni, na heshima hiyo naielewa. Lakini kama ada haipungui ukilipa mapema, hizo siku 25 umezilipia na hujazitumia. Msimu wa mvua ni hadithi nyingine: omena haikauki, inaoza au inauzwa rahisi kwa watu wa chakula cha kuku, mizunguko minne inakuwa mmoja, na d haikusaidii chochote. Wakati huo afadhali usikope.

La mwisho lilikuwa la bodaboda. Kila asubuhi analipa 100, na alikuwa akilipa taslimu, yaani pesa aliyoitoa kwa 29. Machi 2020 corona ilipoingia, chaji za kutuma hadi 1,000 ziliondolewa, zikarudi mwaka ulipoisha, lakini kutuma 100 au chini kumebaki bure. Kwa hivyo ile mia ya bodaboda haihitaji kupita kwa wakala kabisa. Angalia tu usivuke: kutuma 101 ni shilingi 7, karibu asilimia 7, ilhali kutuma 500 ni 7 hiyo hiyo na inakuwa asilimia 1.4. Ni ile hesabu ya kwanza tena, imevaa nguo nyingine.

Stoki ya 2,000 ni kinyume. Akimtumia mwuzaji wa Luanda Kotieno 2,000, analipa 33, na mwuzaji akienda kutoa analipa 29, jumla 62, na mwuzaji si mjinga, anaiweka kwa bei. Akitoa mwenyewe na kumpa mkononi ni 29. Lakini kutembea na 2,000 alfajiri barabarani kuna bei yake ambayo mimi siwezi kumwandikia. Huwa anatuma. Kama mwuzaji wako ana Till ya Buy Goods, tumia hiyo, kwa sababu wewe mnunuzi hulipi chochote.

Kwa kulipa bodaboda kwa simu siku sita, pesa taslimu anayohitaji kwa wiki imeshuka kutoka 4,200 hadi 3,600. Tukarudi kwa fomula. Mara tatu za 1,200: chaji 87, uvujaji 60, jumla 147. Mara mbili za 1,800: chaji 58, uvujaji 90, jumla 148.

Nikamwambia hesabu inasema mara tatu. Akauliza tofauti ni ngapi. Nikasema shilingi moja. Akasema foleni ya wakala wa Kibuye haingojwi kwa shilingi moja, na tangu wiki hiyo anatoa Jumatatu na Alhamisi.